Mama Aliyechoka: Chakula, Usingizi na Sala katika Nyumba ya Nairobi

Nabii Eliya alipochoka hadi akaomba kufa, Mungu hakumtumia mahubiri. 1 Wafalme 19 inasimulia kwamba alijilaza chini ya mretemu, malaika akamgusa na kumwambia, "Inuka, ule." Palikuwa na mkate ulioiva juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena, kisha akaamshwa mara ya pili ale. Mazungumzo mazito ya Mlima Horebu yalikuja baadaye. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo: mwili, usingizi, sala, halafu watu wa kukushika mikono. Akina mama wengi Nairobi huambiwa waanzie mwisho. Huambiwa waombe zaidi, wafunge zaidi, waende kesha, ilhali damu imepungua na tangu mtoto azaliwe hawajalala saa nne mfululizo.

Anza na kipimo cha damu

Kabla hujanunua unga wowote wa kuongeza nguvu, nenda kliniki ya mama na mtoto iliyo karibu nawe uombe kupimwa hemoglobini. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu. Kwa mjamzito ni chini ya 11. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwili unaoishi juu huhitaji hemoglobini zaidi kidogo, kwa hiyo aliyepata 12 kamili asijihesabu kuwa na akiba.

Dalili zenyewe unazijua: kupumua kwa shida ukipanda ngazi za ploti, kizunguzungu ukiinuka, kiganja kilichopauka, kichwa kuuma jioni. Iko nyingine ambayo wengi huificha, nayo ni hamu ya kutafuna odowa, yale mawe laini yanayouzwa sokoni, au udongo, au barafu. Hamu hiyo mara nyingi huandamana na ukosefu wa madini ya chuma. Usijilaumu kwa kuwa nayo, lakini iache, kwa sababu mawe na udongo vinaweza kubeba madini ya risasi na mayai ya minyoo, na huzuia hata chuma kidogo unachokula kisiingie mwilini. Damu ikipanda, hamu hupungua yenyewe.

Pima pia presha na sukari. Ikiwa moyo hukimbia ukiwa umeketi, au umekonda au kunenepa bila sababu, au unahisi baridi wenzako wanapohisi joto, uliza kuhusu tezi ya shingo. Tezi hiyo huweza kuvurugika katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, na hakuna uji wala maombi ya mkesha yatakayokuonyesha hilo bila kipimo cha maabara.

Ukipewa vidonge vya chuma, meza kimoja kama ulivyoelekezwa, kwa maji au juisi ya chungwa, mbali na chai na maziwa. Choo kitakuwa cheusi na hilo ni la kawaida. Tumbo likichafuka, meza baada ya kula kidogo badala ya kuacha kabisa. Vifungie juu kabatini, kwani vidonge vichache tu vya chuma vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Jikoni

Kosa la kwanza katika nyumba zetu ni chai. Chai ya maziwa inayonywewa pamoja na chakula hushika madini ya chuma ya mboga na maharagwe yakapita bila kufyonzwa. Usiiache chai, isogeze tu: subiri saa moja au mbili baada ya kula. Badala yake weka kitu chenye vitamini C kwenye sahani ileile, kama limau, chungwa, nyanya mbichi au pilipili hoho. Mabadiliko haya mawili hayaongezi gharama yoyote ya maana, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote yaliyomo katika mwongozo huu.

Kisha mboga. Sukuma wiki ni nzuri, lakini zungusha wiki yako kwa managu, terere, saga na kunde. Muulize mama mboga zinatoka wapi. Sehemu ya mboga za Nairobi hulimwa kando ya mito michafu na mitaro ya maji taka, na kuosha huondoa vijidudu na matope tu. Metali nzito zilizoingia ndani ya jani hubaki. Mwenye kibanda anayejua shamba lake atakutajia mahali, na asiyejua atabadilisha mazungumzo.

Kwa watu wanne chukua mafungu mawili makubwa ya managu. Chambua, osha kwa maji mengi kabla ya kukata, kisha katakata. Osha kikombe kimoja cha omena kwa maji ya moto mara mbili, kichuje, kikaushe, kikaange kwa vijiko viwili vya mafuta hadi kikauke vizuri. Ongeza kitunguu na nyanya mbili, kisha managu. Funika kwa dakika kumi na tano hivi kwa moto wa wastani, na ukamulie nusu limau ukiisha kuepua. Usitie magadi. Huilainisha mboga kweli, lakini huua vitamini. Anayelalamikia uchungu wa managu ayachanganye na terere, nusu kwa nusu, kuliko kumwaga maji ya kwanza yenye virutubisho.

Njahi, chakula ambacho nyanya wa Kikuyu hawamnyimi mzazi, kina protini na chuma, na kinashibisha usiku wa kunyonyesha. Loweka vikombe viwili usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya. Kwenye sufuria ya kawaida hesabu saa moja na nusu hadi mbili, na kwenye sufuria ya presha kama dakika arobaini. Pika mara moja kwa wiki, ugawe kwenye vyombo vidogo. Kwenye friji hukaa siku tatu, kwenye friza hukaa wiki kadhaa. Bila friji, pika za siku moja tu, maana njahi ya jana iliyolala mezani ndiyo inayomlaza mama na tumbo la kuhara.

Uji wa wimbi unastahili maelezo zaidi kwa sababu wengi huupika vibaya. Chukua kikombe kimoja cha unga wa wimbi na kikombe kimoja na nusu cha maji yaliyochemshwa yakapoa hadi vuguvugu. Koroga kwenye bakuli la udongo au la kioo, si la alumini, kwa sababu uchachu hula alumini. Kama una mchanganyiko uliochacha wa mara iliyopita, tia vijiko viwili kama hamira. Funika kwa kitambaa safi. Miezi ya joto siku moja inatosha. Juni na Julai unaweza kungoja siku mbili au tatu. Ukiona mapovu madogo na kusikia harufu chachu kama ya maziwa lala, uko tayari. Ukiona ukungu wa waridi, wa kijani au mweusi, mwaga wote, usikwangue juu tu. Chemsha vikombe vinne vya maji, mimina mchanganyiko polepole ukikoroga bila kusimama, kisha acha utokote kwa moto mdogo dakika kumi na tano. Madonge hutokea unga mkavu unapokutana na maji yanayochemka, na ndiyo maana huu hauna tabia hiyo. Kuchachusha hupunguza vile vinavyofunga chuma ndani ya nafaka, hivyo kikombe kilekile hukupa zaidi.

Achana na ule unga wa vitu kumi: wimbi, mtama, soya, njugu, omena, maharagwe, vyote vikasagwa pamoja. Njugu zina mafuta yanayoharibika haraka na huweza kubeba sumu ya ukungu. Soya na maharagwe mabichi yanahitaji kupikwa muda mrefu kuliko uji. Na mtoto akipata mzio hutajua ni wa nini. Saga nafaka moja au mbili, kisha protini iliwe kwenye sahani: yai, omena, ndengu, maini mara moja kwa wiki.

Maji: kila unapoketi kunyonyesha, glasi iwe karibu. Mkojo uwe wa manjano hafifu. Ya kunywa yachemke hadi yatokote sana kwa dakika moja hivi, yapoe yakiwa yamefunikwa.

Usingizi wa vipande

Zaburi 127 inahesabu usingizi kuwa kitu ambacho Bwana humpa mpenzi wake. Basi upangie nafasi. Lengo si saa nane za usiku, ambazo mama wa mtoto mchanga hazipati. Lengo ni kipande kimoja cha saa nne zisizokatwa, kila siku, pamoja na usingizi mwingine mdogo utakaopatikana.

Fanya hivi. Mnyonyeshe mtoto saa tatu usiku. Baada ya hapo mkabidhi baba, dada yako au mama mkwe, uingie chumba kingine au upande mwingine wa pazia, simu ibaki nje. Yeye atabadilisha nepi na kubembeleza hadi saa saba usiku, na mtoto akiamka na njaa apewe maziwa uliyokamua. Maziwa ya mama hukaa saa nne kwenye chumba chenye joto lisilozidi nyuzi 25, na hadi siku nne nyuma ya friji, si mlangoni. Yaliyobaki kwenye kikombe mtoto akiisha kunywa yamwagwe baada ya saa mbili. Wiki za kwanza, kabla maziwa hayajatulia, mwenzako akuletee mtoto kitandani unyonyeshe, kisha amchukue tena. Hilo tu linaokoa nusu saa kila mara. Kahawa na chai kali zisivuke saa nane mchana.

Wengi hupata shida kwa sababu baba hajaambiwa kazi yake ni ipi. Mwambie waziwazi: "Baba Wanjiru, kuanzia saa tatu hadi saa saba mtoto ni wako." Sheria ya Ajira ya 2007 humpa baba aliyeajiriwa wiki mbili za likizo yenye malipo, na mama miezi mitatu. Wiki mbili za baba zipangwe kwa usiku, si kwa kupokea wageni.

Usisinzie kwenye kochi ukiwa na mtoto mchanga kifuani. Ukihisi macho yanafunga, mpe mtu mwingine, au mlaze mtoto chali kwenye godoro gumu lisilo na mto wala blanketi zito usoni. Na wakati wa baridi usiingize jiko la makaa chumbani, hata likionekana limekwisha moshi. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na familia nzima hulala isiamke. Vaeni soksi na sweta, funikeni kwa tabaka nyepesi, jiko libaki nje.

Kama kuna pesa kidogo, mama fua siku moja kwa wiki atakusaidia kuliko chupa yoyote ya vitamini. Na ikiwa una dada wa kazi, kumbuka naye anachoka. Mpe siku yake ya kupumzika na saa ya kulala inayojulikana.

Sala inayowezekana

Isaya 40:11 inamwelezea Bwana kama mchungaji, kisha inaongeza, "nao wanyonyeshao atawaongoza polepole." Anayenyonyesha ana mwendo wake, na Mchungaji anaufahamu. Kwa hiyo acha kujipima kwa saa nzima ya ibada ya alfajiri uliyokuwa nayo kabla ya watoto.

Funga sala kwenye kitu unachofanya tayari. Kunyonyesha kunatosha. Mtoto anaposhika titi, vuta pumzi ukisema moyoni, "Bwana ndiye mchungaji wangu," itoe taratibu ukisema, "sitapungukiwa na kitu." Rudia mara sita au saba. Pumzi inayotoka ikiwa ndefu kuliko inayoingia hutuliza moyo, na mama aliyetulia maziwa yake hushuka kwa urahisi zaidi. Mstari mmoja kwa wiki unatosha. Uandike kwenye karatasi juu ya sinki au nyuma ya mlango. Kwa usiku wa manane tunapendekeza Zaburi 121, ile ya Mlinzi asiyesinzia wala kulala. Ikiwa Yeye yuko macho, wewe una ruhusa ya kulala.

Siku ambazo maneno hayaji, tumia ya wengine: Baba Yetu, zaburi, wimbo wa tenzi ulioujua tangu utoto. Na ukiwa na uchungu, Zaburi 13 huanza kwa "hata lini." Kulalamika mbele za Mungu ni sala pia.

Kufunga kunahitaji busara. Mama mjamzito, anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita, au mwenye upungufu wa damu, hapaswi kufunga chakula na maji. Funga kitu kingine: mitandao, runinga, maneno ya kusengenya. Mweleze mchungaji wako hivyo bila aibu. Mchungaji anayejua Maandiko atakumbuka Eliya. Anayekuambia uache dawa za presha, za virusi vya UKIMWI au za kifafa ili uonyeshe imani anakuhatarisha, na usimtii katika hilo.

Waombe watu kazi zenye majina

Yethro alimwambia Musa kwamba kazi ile ilikuwa nzito mno kwake, asingeiweza peke yake. Kanisa la Nairobi lina watu wa kutosha kuibeba: jumuiya ndogo ndogo, umoja wa akina mama, ushirika wa mtaa. Shida ni kwamba wanauliza, "Unahitaji nini?" nawe unajibu, "Niombeeni tu." Andika karatasi. Jumanne chakula cha jioni. Alhamisi mtu wa kumpeleka mkubwa shuleni. Jumamosi saa mbili za kumshika mtoto ulale. Mpe mmoja tu, mwenye sauti na moyo wa kazi, aigawanye. Wageni wa kumwona mtoto waje na chakula kilichopikwa, wakae nusu saa, waoshe vikombe kabla ya kuondoka. Ni haki kuwaambia.

Mafua na kuhara nyumbani

Pua iliyoziba ya mtoto mchanga isafishe kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, katika mililita 250 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Tone moja au mawili kila tundu kabla ya kunyonya, na tengeneza mapya kila siku. Kikohozi cha mtoto aliyezidi mwaka mmoja hutulizwa na nusu hadi kijiko kimoja cha chai cha asali wakati wa kulala. Chini ya mwaka mmoja asali ni marufuku, hata ya kulambishwa, kwa hatari ya sumu ya botulismi. Usimfukize mtoto kwa beseni la maji moto. Watoto huungua kwa maji hayo.

Tangawizi na mchaichai ni vinywaji vizuri kwa mama. Majani ya mlonge, kijiko cha chai kwenye uji, hayana shida kwa anayenyonyesha, lakini mizizi na magome yake usiguse. Mshubiri na mwarobaini wa kunywa uviepuke ukiwa mjamzito au ukinyonyesha, na usimpe mtoto mchanga dawa yoyote ya mitishamba.

Akihara, mpe maji ya ORS (pakiti ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi sita. Soma pakiti ya ORS kama ni ya nusu lita au lita moja, kwani kukosea hapo huweza kuifanya iwe na chumvi nyingi. Kama duka la dawa limefungwa, tumia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, kwa lita moja ya maji safi. Endelea kunyonyesha.

Hesabu pumzi za mtoto aliyetulia kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kabla ya miezi miwili, 50 au zaidi kutoka miezi miwili hadi mwaka, 40 au zaidi kutoka mwaka hadi miaka mitano, au kifua kinachobonyea akivuta hewa, ni hospitali mara moja. Vivyo hivyo homa yoyote kabla ya miezi mitatu, degedege, au asiyeweza kunyonya. Mmerudi kutoka ushago, Kisumu, Kakamega au Pwani, na homa imeanza? Apimwe malaria siku hiyohiyo. Usidhani ni mafua ya Nairobi.

Mama mwenyewe

Baada ya kujifungua, nenda hospitali bila kungoja asubuhi ukilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, ukipata homa au uchafu wenye harufu mbaya, kichwa kuuma vikali hadi huoni vizuri, au mguu mmoja kuvimba na kuuma.

Machozi ya siku chache za kwanza ni ya kawaida na hupita. Yakizidi wiki mbili, au huwezi kulala hata mtoto akilala, au humsikii mtoto moyoni, au unajiona mzigo kwa nyumba, huo ni ugonjwa wa sononi na una tiba. Hauna uhusiano na imani ndogo. Mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, au kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, ni dharura ya siku hiyohiyo: mtu asikuache peke yako, na mwende Hospitali ya Mathari iliyo Barabara ya Thika, Kenyatta, au hospitali yoyote ya karibu. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea simu za bure kwa nambari 1199.

Nenda na mtu unayemwamini, beba kijitabu cha kliniki na orodha ya dawa na mitishamba yote uliyotumia, hata ile unayoona aibu kuitaja. Mwambie daktari mwanzoni kwamba unanyonyesha. Zipo dawa za sononi ambazo mama huzimeza akiendelea kunyonyesha, na daktari akijua mapema atachagua hizo.